Kukokotoa Ugumu wa Springi za Nyuma za Pikapu

Pikapu ikianza kukaa kitako kila inapopakiwa, mwenyewe humwomba fundi aongeze bapa moja, yaani kipande kirefu cha chuma, kwenye springi za nyuma, na kazi hiyo hufanyika kwa kukisia, ilhali futi kamba na mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 vingetosha kuondoa shaka.

Ugumu wa springi ni idadi ya kilo zinazoibonyeza kwa milimita 1. Simamisha gari mahali tambarare, pima nafasi kati ya ekseli na chesisi pande zote mbili, kisha panga mifuko hiyo juu kabisa ya ekseli ya nyuma na upime tena. Mabapa husuguana na kung'ang'ania, kwa hiyo litikise gari kabla ya kila kipimo, na upime pia wakati wa kupakua ili uchukue wastani. Tuseme kila upande umeshuka milimita 125: kilo 500 zimegawanywa kwa springi mbili, kila moja ikabeba 250, nayo 250 ukiigawanya kwa 125 unapata kilo 2 kwa milimita.

Sasa tazama mzigo wako wa kawaida. Ikiwa ni kilo 600, umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, na kitovu cha mzigo kiko mita 2.7 nyuma ya ekseli ya mbele, basi ekseli ya nyuma inabeba 600 × 2.7 ÷ 3, yaani kilo 540, au 270 kwa kila springi. Ukitaka gari lishuke milimita 90 tu, unahitaji kilo 3 kwa milimita.

Hapo ndipo bapa moja linapoumbuka. Springi ya mabapa matano ikiongezwa la sita la unene uleule hupata ugumu wa ziada wa takriban moja ya tano, hivyo 2 inakuwa 2.4. Unene ndio wenye nguvu, kwa kuwa ugumu hufuata mchemraba wake (unene × unene × unene): seti ya mabapa ya milimita 8 badala ya 7, kwa idadi na urefu uleule, ni ngumu mara 1.49, karibu kabisa na tunachotafuta.

Gari tupu litarukaruka kidogo zaidi. Uwezo wa ekseli, tairi na breki haubadiliki, na kikomo cha uzito alichoweka mtengenezaji kinabaki palepale.