Namna ya Kumlea Mtoto Aliyetoka Katika Kazi za Shamba

Familia nyingi za Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, hupokea watoto wa jamaa zao kutoka vijiji vya Kwale na Kilifi, na baadhi ya watoto hao wamekwisha kulima, kuamia ndege na kubeba madumu ya maji kwa miaka mingi. Kumtoa mtoto shambani hakumalizi jambo, kwani madhara ya kazi ile huendelea kujitokeza baadaye.

Anza na afya. Mpeleke zahanati, nawe umweleze mhudumu waziwazi kazi alizokuwa akifanya. Aliyezoea kuingia katika mabwawa na mifereji apimwe kichocho, maradhi yaliyoenea Pwani, ambayo hutibika kwa vidonge vya prazikwanteli lakini yakiachwa kwa miaka huharibu kibofu na figo. Asipokojoa damu, usidhani kwamba amesalimika. Aliyenyunyizia mimea dawa za wadudu aangaliwe zaidi, maana ubongo wake ulikuwa ungali unakua, na sumu hizo zaweza kudhuru kumbukumbu na utulivu wake darasani. Akilalamika mgongo, asiambiwe kuwa ni mvivu.

Kisha mwandikishe shuleni. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyo na malipo. Kama hana cheti cha kuzaliwa, fuatilia mapema. Mwombe mwalimu mkuu ampime kusoma na kuhesabu kabla ya kumpangia darasa, kwa sababu kijana wa miaka 13 anayeketishwa na watoto wa miaka 7 huona haya, akaanza kutoroka. Yafaa apate mtu wa kumfundisha jioni ili awafikie wa rika lake.

Jambo linalotuumbua sisi wa mjini ni kumtoa mtoto shambani tukamfanya yaya. Kuosha vyombo baada ya shule si dhambi, lakini kulea mchanga kutwa huku wenzake wakisoma ni ajira ileile iliyohamishwa. Ukimwona mtoto wa jirani katika hali hiyo, mwarifu afisa wa watoto au piga simu 116, ambayo hailipiwi.

Hatimaye, waulize wazazi wake ni nani sasa anayeifanya kazi aliyoiacha. Mara nyingi ni mdogo wake, kwa hiyo zungumzeni mapema kuhusu kumlipa kibarua mtu mzima msimu wa kupalilia.