Mtoto anaumwa sikio usiku: fanya hivi hatua kwa hatua

Mimi ni muuguzi wa watoto na hii nawaandikia wazazi ambao saa hivi wana mtoto analia ameshika sikio na hawajui waanzie wapi. Wengi wanawaza matone ya sikio au antibayotiki kwanza, wakati kinachomtesa mtoto ni maumivu, na maumivu unaweza kuyashughulikia ukiwa hapo hapo nyumbani.

Kwanza kabisa, je huyu ni wa kukaa nae nyumbani?

Kama hajafika miezi 3 na joto ni 38 au zaidi, usisubiri asubuhi, mpeleke. Chini ya miezi 6 ukihisi tu ni sikio aonwe siku hiyo hiyo. Kwa umri wowote, mpeleke haraka ukiona uvimbe nyuma ya sikio (pale kwenye mfupa, pamekuwa pekundu, ukigusa analia, au sikio limesukumwa mbele), shingo imekakamaa, degedege, uso umepinda upande mmoja, anayumba akitembea, anatapika kila kitu, hanyonyi wala hanywi, au amelegea na ukimwamsha haamki vizuri. Ule uvimbe wa nyuma ya sikio msiuchukulie poa, ina maana maambukizi yanaweza kuwa yameingia kwenye mfupa na hiyo ni ya hospitali.

Kama hana hata kimoja hapo, tuendelee.

Hatua ya 1: hakikisha ni sikio na ni sehemu gani

Mara nyingi inaanza na mafua. Kuna mrija mdogo unatoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati, kwa watoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, mafua yakiuziba maji yanakusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na vijidudu vya ugonjwa vinazaliana humo. Ndo maana akilala chali analia zaidi, na mchanga anashika ziwa anavuta mara mbili anaachia na kulia, sababu kunyonya na kumeza kunaliuma sikio.

Sasa bonyeza taratibu kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Akiruka kwa maumivu, kuna uwezekano ni njia ya nje ya sikio imeshambuliwa, hiyo inatibiwa tofauti na inabidi aonwe. Na mtoto anayevuta vuta sikio tu huku anacheza, anakula na hana homa, mara nyingi hana shida ya sikio.

Hatua ya 2: tuliza maumivu, na utulize kwa dozi kamili

Hapa ndo pa muhimu kuliko pote. Parasetamoli ya maji, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Pima uzito, usikadirie kwa macho. Alafu soma chupa, sababu zipo zenye miligramu 120 kwenye mililita 5 na zipo zenye 250 kwenye mililita 5 hizo hizo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180, kwa hiyo kwa chupa ya 120 ni mililita 5 hadi 7.5, lakini ukimpa mililita 5 za ile ya 250 umeshamzidishia. Kijiko cha chai hakipimi dawa, tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa, mpe taratibu pembeni ya shavu asipaliwe. Na kama ameshapewa dawa ya mafua angalia isije ikawa nayo ina parasetamoli ndani.

Ibuprofeni nayo inasaidia kwa aliyevuka miezi 6, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila baada ya saa 6 hadi 8, mpe akiwa amekula kitu, na usimpe kama anaharisha au kutapika sana, au ana shida ya figo. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Siku ya kwanza na ya pili ndo maumivu yanakuwa makali, kwa hiyo usisubiri mpaka aanze kupiga kelele ndo utafute dawa, muda wa dozi ukifika na bado anaumwa mpe, hasa kabla ya kulala. Kitambaa cha uvuguvugu (kijaribu kwanza ndani ya mkono wako) ukikiweka juu ya sikio kwa nje kinampa nafuu, na kumbeba wima au kumpakata kifuani kunamsaidia kuliko kumlaza. Mto usimwekee mtoto aliye chini ya mwaka. Anywe kidogo kidogo mara kwa mara.

Hatua ya 3: ndani ya sikio usiweke kitu

Mafuta, kitunguu, maziwa ya mama, maji ya chumvi, mafuta ya taa, matone yaliyobaki ya mtoto mwingine, hamna. Najua bibi anashauri kwa upendo na ni ngumu kumkatalia, lakini tatizo liko nyuma ya ngoma na hivyo vitu haviwezi kufika huko, na kama ngoma imetoboka vitaingia mpaka ndani, kuna matone mengine yanaharibu usikivu kabisa. Pamba za vijiti nazo weka mbali.

Hatua ya 4: usaha ukitoka

Saa zingine mtoto aliyelia usiku kucha ghafla anatulia, asubuhi unakuta mto una majimaji ya njano. Ngoma imepasuka, presha imetoka. Usiogope, mara nyingi inaziba yenyewe ndani ya wiki chache, ila mpeleke akapimwe, wengi wa hawa wanapewa antibayotiki.

Kulikausha: nawa mikono, chukua kitambaa laini cha pamba kilicho safi, kisokote kiwe utambi wenye ncha, uingize taratibu mwanzoni mwa tundu bila kulazimisha, uache kama dakika moja unyonye, utoe, utupe, weka mwingine mkavu, mpaka utoke mkavu. Mara 3 kwa siku. Usitumie karatasi zinazochanika zikilowa, na usiache kitu kimeziba sikio. Maji yasiingie wakati wa kuoga, na asiogelee. Usaha ukifika siku 14 hilo ni tatizo jingine, dawa yake ni nyingine.

Hatua ya 5: antibayotiki lini?

Watoto wengi wanapona ndani ya siku 2 au 3 kwa dawa ya maumivu tu. Aliye chini ya miaka 2 na masikio yote mawili, mwenye usaha, mwenye homa ya 39 au zaidi, au ambaye siku ya 2 hadi 3 hajapata nafuu au anazidi, huyo aonwe. Akiandikiwa, mara nyingi ni amoksilini, mpe kwa siku zote alizopangiwa hata akianza kukimbia kimbia siku ya pili.

Hatua ya 6: akishapona, mwangalie usikivu

Maji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma wiki kadhaa bila maumivu yoyote. Mwite kwa sauti ndogo ukiwa nyuma yake, asikuone. Ukiona haitiki, anaongeza sauti ya tivii, au mwalimu anasema hasikilizi, usimgombeze, na hali hiyo ikifika miezi 3 nenda akapimwe usikivu. Kama ndo kwanza anajifunza kuongea mimi ningemwahi mapema zaidi.