Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Kozi Fupi ya China

Umepata nafasi ya wiki sita Guangzhou kusoma jamii na utamaduni wa China. Hongera. Sasa kaa chini tupange.

Pasi iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Kadi ya homa ya manjano ikae pamoja na pasi, si kwenye begi la kupakia. Plagi zetu za pini tatu nene haziingii kule, nunua adapta mbili. Pawabenki ya Kariakoo iache nyumbani: tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazipokei isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China. Utanunua hukohuko.

Simu ndiyo usiifanyie mzaha. WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kule. Fungua WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, ukiwa bado nyumbani, maana akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwenye WeChat akuskanie msimbo, na usiku wa manane uwanja wa ndege utamtoa wapi? Mfundishe na mama kuitumia, la sivyo siku ya tatu ukoo mzima utakuwa unakutafuta. Pakua na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard. Hata muuza maandazi ya mvuke kando ya barabara kabandika msimbo wake kwenye mkokoteni. Ukimpa noti ya yuan mia anakutazama kama umempa jani la mgomba.

Haya, viza. Kozi isiyozidi siku 180 kwa kawaida hupewa X2, viza ya masomo mafupi. Herufi hiyo kila mtu huiangalia. Na mimi niliiangalia, nikaipiga picha, nikairusha kwenye grupu la familia. Ambacho sikukiangalia ni tarakimu mbili kwenye stika hiyohiyo: 01. Yaani unaingia mara moja, basi.

Wiki ya tatu tukapewa mapumziko ya siku tatu. Tukasema twende Hong Kong, treni ya kasi ni kama saa moja tu. Hong Kong si China? Ni China, ilirudishwa 1997, na mhadhiri alitufundisha hilo Jumatatu ileile. Lakini kwa mambo ya uhamiaji, ukivuka kwenda Hong Kong au Macau umeshatoka. Kwenda hatukuulizwa kitu. Kurudi, pale kituo cha West Kowloon, ofisa kijana alifungua pasi yangu, akarudia ukurasa uleule mara mbili, kisha akaweka kidole juu ya ile 01 na kunigeuzia nione. Wenzangu walikuwa na viza za kuingia mara nyingi. Mmoja alinipungia mkono ng'ambo ya pili akidhani nakuja.

Nilikuwa na begi la mgongoni, fulana mbili na chaja. Barua ya chuo ilikuwa kwenye droo bwenini. Mwenzangu wa chumba akaipiga picha, nikaichapisha, nikaanza kuomba viza upya kama mtu asiyewahi kuikanyaga China. Chumba nilichopanga kilikuwa kidogo mpaka mlango ukifunguka unagonga kitanda. Siku sita. Pesa za zawadi za nyumbani zikaishia hapo, na nikakosa ziara ya Ukumbi wa Ukoo wa Chen, uliokamilika 1894 kwa michango ya watu wa jina hilo kutoka pande zote za Guangdong. Mambo ya ukoo na kuchangishana! Darasa zima, nani angeyaelewa kuliko mimi?

Kwa hiyo soma stika yote, mstari kwa mstari, ukiwa bado dirishani unapokabidhiwa viza. Ukipewa 01, Hong Kong itazame kwenye picha. Na nakala ya barua ya chuo itembee nawe popote.

Ukilala kwa rafiki nje ya bweni, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia hilo, rafiki anaweza asijue hata kama lipo. Muislamu, kariri herufi hizi mbili, 清真, ndiyo halali yenyewe.

Usiende kichwa kitupu pia. Utaulizwa habari za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China 1970 hadi 1975. Wazee wa kule wanaijua. Makaburi ya wataalamu wa Kichina yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam, nenda kayaone kabla ya safari.

Mengine ni ya kila msafiri. Karatasi ya chooni iwe mfukoni. Anwani ya bweni iandikwe kwa Kichina, dereva wa teksi hasomi herufi zetu. Pesa usiweke mahali pamoja. Maji ya bomba usinywe. Polisi usiwapige picha. Na kifurushi cha mtu usikibebe, hata akikuapia ni dagaa tu wa mwanawe.