Kabla hujaigusa hesabu ya logi

Jioni nafundisha twisheni ya hesabu kwenye baraza la nyumba yetu, Majengo, hapa Moshi. Watoto wanafika na sare zao, vumbi la njiani bado liko miguuni, na kinachowaleta wengi wao ni milinganyo ya vipeo na logi. Wakishakaa tu, kalamu zinaanza kukimbia. Huwa nawaomba waziweke chini kwanza. Miaka yote hii nimeona kwamba anayekosa hesabu hizi mara nyingi kanuni anazijua, tena anazitaja bila kukosea. Anachoruka ni maandalizi, yaani kuitazama hesabu kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Jambo la mwanzo ni kujua logi inauliza nini. Logi ni swali kuhusu kipeo. Ukiona log 1000 katika besi ya 10 (besi ni ile namba inayopewa kipeo), unaulizwa: kumi ipewe kipeo gani ili tupate elfu moja? Jibu ni 3. Ukiona log₂ 32, unaulizwa mbili ipewe kipeo gani ili tupate 32, na jibu ni 5. Kwa hiyo log₂ 32 = 5 na 2⁵ = 32 ni habari moja iliyosemwa kutoka pande mbili. Isome kwa sauti huku na huku mpaka ulimi uzoee. Ukishaielewa hivyo, lile katazo la kutotafuta logi ya sifuri wala ya namba hasi hulikariri tena, unaliona mwenyewe: ipe kumi kipeo chochote, kiwe chanya, hasi au sifuri, haitakupa −2 hata siku moja.

Inasaidia pia kujua logi zilitoka wapi. Waliozianzisha walikuwa wamechoka kuzidisha namba ndefu kwa mkono. John Napier wa Uskoti alitoa majedwali yake mwaka 1614, na mwaka uliofuata Henry Briggs akasafiri kutoka London hadi Edinburgh kwenda kumwona. Katika mazungumzo yao ndipo lilipopatikana wazo la kufanya logi ya 1 iwe sifuri na logi ya 10 iwe 1, na hizo ndizo logi za kwenye majedwali yetu ya shule; log isiyoandikwa besi ni ya besi ya 10. Nia yao ilikuwa kugeuza kuzidisha kuwe kujumlisha: log ya (a × b) ni log a + log b. Kwa log ya (a + b) hakuna msaada wa namna hiyo. Mwanafunzi akiitenganisha kuwa log a + log b, namwambia ajaribu kwa kumi na kumi. Log 20 ni 1.3010, lakini log 10 + log 10 ni 2. Akishaviona viwili hivyo kwenye daftari lake mwenyewe, kosa hilo harudii kirahisi.

Vipeo vyenyewe navipitia haraka. Uwe na vipeo vya 2 kichwani hadi 1024, vya 3 hadi 729 na vya 5 hadi 625. Asiyejua kwamba 9 na 27 zote ni watoto wa 3 atakimbilia logi kwenye 9ˣ = 27, wakati pale panatosha kuandika 3²ˣ = 3³ na kupata x = 3/2. Angalia besi kwanza. Zikiweza kufanana, acha majedwali kando.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoikazania kuliko zote. Kabla ya kutatua mlinganyo wowote wenye logi, andika juu ya ukurasa, kwa maneno au kwa alama, x inaruhusiwa kuwa wapi. Wiki moja binti wa kidato cha pili alikuja na hesabu hii: log x + log(x − 3) = 1. Alikuwa ameifanya vizuri. Ameunganisha logi mbili kuwa log ya x(x − 3), ameandika x(x − 3) = 10, amepata x² − 3x − 10 = 0, na majibu yake ni 5 na −2. Amepiga mistari miwili chini ya kila jibu, kwa rula. Pembeni mwalimu wa shuleni amemkata alama, naye hakuelewa kwa nini. Akaniuliza, “Mwalimu, si nimefuata hatua zote?”

Nikamwambia tuirudishe −2 kwenye hesabu ya mwanzo. Log ya −2 ni nini? Akanyamaza, kisha akasema haipo. Basi −2 si jibu. Kwenye hesabu ile x lazima iwe kubwa kuliko 3, maana log(x − 3) inadai x − 3 iwe chanya. Lakini tulipounganisha logi mbili kuwa moja, zuio hilo lilipotea machoni: x(x − 3) ikiwa na x = −2 ni −2 × −5, yaani 10, namba chanya isiyomshtua mtu. Sharti likiwa limeandikwa juu ya ukurasa tangu mwanzo, “x > 3”, −2 inajikataa yenyewe. Ikabaki 5: log 5 + log 2 = log 10 = 1. Siku hizi daftari la binti huyo lina mstari mdogo wa masharti juu ya kila swali, na kila nikiuona moyo wangu unafurahi.

Ila usigeuze jambo hili kuwa mazoea ya kukata kila namba hasi. Kuna hesabu inayofanana nayo kwa sura tu: log x² = 2. Wengi wanamshusha 2 mbele haraka, wanaandika 2 log x = 2, wanapata x = 10 na kufunga daftari. Wamepoteza jibu moja. Kwenye log x² sharti ni kwamba x isiwe sifuri, basi. X ikiwa −10, x² ni 100, na log 100 ni 2. Majibu ni 10 na −10. Kile kitendo cha kushusha kipeo ndicho kilichobana x iwe chanya, wakati swali halikuomba hivyo. Ndiyo maana nasisitiza masharti yatoke kwenye mlinganyo ulivyoletwa, kabla hujaubadilisha chochote.

Kwenye vipeo sharti linakaa upande mwingine. Chukua 9ˣ − 8·3ˣ − 9 = 0. Ukiita 3ˣ kwa jina y, unapata y² − 8y − 9 = 0, na y ni 9 au −1. Hapa x inaweza kuwa namba yoyote, lakini 3ˣ haiwezi kuwa hasi. Kwa hiyo pale unapoandika “y = 3ˣ”, andika na “y > 0” hapo hapo. Linabaki 3ˣ = 9, na x = 2.

Besi zikikataa kufanana, kwa mfano 5ˣ = 60, kisia kabla ya kukokotoa. 5² ni 25, 5³ ni 125, hivyo x iko kati ya 2 na 3. Iandike pembeni kwa penseli. Kisha chukua logi pande zote mbili: x = log 60 ÷ log 5, yaani 1.7782 ÷ 0.6990, ambayo ni 2.544. Hapa kuna mtego mkubwa: wengi wanatoa badala ya kugawa, wanapata 1.0792. Log 60 − log 5 ni log 12; log 60 ÷ log 5 ni kitu kingine kabisa. Aliyeandika “kati ya 2 na 3” pembeni ananaswa na penseli yake mwenyewe kabla hajapeleka kazi. Mzazi mmoja aliwahi kukaa nasi barazani akauliza akiba inayopata riba ya asilimia 8 kwa mwaka, riba ikijumlishwa kwenye mtaji kila mwaka, itakuwa maradufu lini. Tukaandika 1.08ⁿ = 2, watoto wakagawa 0.3010 kwa 0.0334, wakampa jibu: miaka 9 hivi. Aliandika kwenye simu yake.

Mwisho ni majedwali, na hapa nataka uwe makini na logi za namba zilizo chini ya 1. Jioni mawingu yakifunguka, Mlima Kilimanjaro unaonekana kutoka barazani, nami huutumia. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua kwa vipeo kadiri unavyopanda. Kwa makadirio, kila mita 5,500 inabaki nusu. Swali: kwa kupima kutoka usawa wa bahari, ni urefu gani hewa inabaki na asilimia 70 ya kanieneo yake? Tunaandika (0.5)ʰ = 0.7, ambapo h inahesabu mafungu ya mita 5,500. Kabla ya yote, kisia: nusu iko mita 5,500, basi asilimia 70 lazima iwe chini ya hapo.

Kwenye jedwali, log 0.7 inaandikwa moja yenye mstari kichwani, kisha .8451. Mstari ule unaihusu moja peke yake. Desimali ni chanya, kwa hiyo thamani ni −1 + 0.8451 = −0.1549. Vivyo hivyo log 0.5 ni −1 + 0.6990 = −0.3010. Gawa: h ni 0.5146, na ukizidisha kwa 5,500 unapata mita 2,830 hivi, juu kidogo ya kambi ya Mandara kwenye njia ya Marangu, iliyo mita 2,720 hivi. Kijana aliyesoma zile logi kama −1.8451 na −1.6990 alipata h = 1.086, yaani mita 5,973. Nikamwambia ainuke, atazame kaskazini. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Akafuta, akarudi kwenye jedwali, safari hii kidole kikiwa juu ya ule mstari.