Kabla Hujabeba Begi Kwenda Kusaidia Walioathirika na Maafa

Habari za mafuriko au tetemeko zikifika, moyo hutangulia miguu. Ndani ya saa moja mtu ameshajaza begi, ameshawapigia simu rafiki zake watatu na ameshapata gari. Naupenda moyo huo na sitaki kuuzima. Lakini miaka niliyofanya kazi za kujitolea imenifundisha kwamba kabla ya kuuliza "nibebe nini?" mtu ajiulize kwanza, "nani ananisubiri kule?" Kama hakuna mtu eneo la tukio anayejua jina lako, siku utakayofika na kazi utakayopewa, bado hujawa tayari, hata begi likiwa limefungwa mlangoni.

Eneo lililopigwa lina uhaba wa kila kitu: maji ya kunywa, mahali pa kulala, mafuta, njia inayopitika. Anayefika bila kuitwa anakunywa maji yale yale, analala palepale, na gari lake linakaa kwenye barabara ambayo ambulensi inaihitaji. Tetemeko lilipoupiga mji wa Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995, zaidi ya watu milioni moja walijitokeza kusaidia katika miezi iliyofuata, na wengi walifika bila kujua waripoti kwa nani. Kutokana na somo hilo Japani ikajenga utaratibu ambao natamani ungekuwapo kila mahali. Baada ya maafa hufunguliwa kituo cha kupokea watu wa kujitolea. Unajiandikisha, unahakikisha una bima, unaingizwa kwenye kikundi, mnapewa nyumba mtakayoisafisha, na jioni mnaripoti kwamba wote mmerudi. Pasipo kituo kama hicho, anza na chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, au kamati ya maafa ya eneo husika. Mimi hutanguliza shirika lililokuwa likifanya kazi pale kabla ya maafa, kwa sababu linajua nani ni mjane, nani hasikii, na ni nyumba ipi iliyo nyuma ya kilima ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Kuhusu uokoaji wenyewe nisifiche neno. Saa za kwanza ni za majirani. Wao ndio huwatoa watu wengi walio hai, kabla kikosi chochote hakijafika. Ukitoka mbali bila mafunzo, usiende kuchimba vifusi. Katika tetemeko la Mexico City la mwaka 1985, raia wa kawaida waliwaokoa watu wapatao 800, lakini zaidi ya watu 100 miongoni mwa waokoaji hao walipoteza maisha wakiokoa. Mfano huo hutajwa sana kwenye mafunzo ya vikundi vya jamii, na sababu yake ni rahisi kuielewa: jengo lililopasuka husubiri mtetemo mdogo unaofuata ili limalizie kuanguka. Anayetaka kazi hiyo ajifunze sasa, wakati hakuna maafa. Walau asome huduma ya kwanza, namna ya kuzima moto mdogo na namna ya kufunga gesi na umeme wa nyumba.

Sasa mwili wako. Angalia kadi ya chanjo. Kama miaka 10 imepita tangu uchomwe chanjo ya pepopunda, nenda kachome kabla ya safari, maana kazi hii ni ya misumari, mabati na vioo. Maji ya mafuriko huchukua mkojo wa panya na wanyama wengine, na homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo huo, huingia kupitia mchubuko mdogo ambao hata hukuuona. Funika kila kidonda kwa plasta isiyopitisha maji. Beba dawa zako za kila siku za kutosha safari nzima pamoja na wiki moja ya ziada. Na kama unaharisha, ahirisha safari. Haiti ilipata tetemeko kubwa Januari 2010, na Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kikaingia kwa njia ya maji machafu ya kambi ya walinda amani waliotoka nje ya nchi. Maelfu ya watu walikufa kwa ugonjwa uliofika na watu waliokuja kulinda usalama. Kila ninapoona kikundi kimesahau sabuni, nakumbuka hilo.

Halafu mabuti. Watu hununua mabuti marefu ya mpira na kudhani wamemaliza. Siku yetu ya pili katika nyumba moja iliyojaa tope hadi magotini, mwenzangu alikanyaga ubao uliokuwa umelala chini ya tope, misumari ikiwa imetazama juu. Msumari ulipita kwenye soli kama unapita kwenye sifongo na kutokea kati ya vidole viwili vya mguu. Tulimbeba hadi zahanati, tukakaa nusu siku kwenye foleni ya watu walewale tuliokwenda kuwasaidia. Tangu siku hiyo sivai buti lisilo na bamba la chuma ndani ya soli. Ni kipande chembamba, unakiingiza kama soli ya kawaida. Glavu ziwe jozi mbili, za mpira ndani na za ngozi nje. Barakoa iwe ile inayobana uso na kuchuja vumbi laini, kwa sababu tope likikauka huwa vumbi, na ukungu huanza kuota kwenye vitu vilivyolowa ndani ya saa 24 hadi 48.

Ujitosheleze kwa siku tatu za mwanzo: chakula kisichohitaji kupikwa, maji, tochi ya kuvaa kichwani, betri, kitu cha kuchajia simu, hema kama hukuhakikishiwa pa kulala, na mifuko ya kubebea taka zako mwenyewe. Maji usiyoyaamini yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, au dakika tatu kama uko juu ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na huua hasa katika siku hizi za baada ya maafa. Na usivuke maji yanayokwenda kasi kwa kuwa yanaonekana mafupi. Kina cha sentimeta 15 kinatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimeta 30 zinaweza kulifanya gari dogo lianze kuelea.

Kazi utakayopewa huenda ikawa kuzoa tope, na hapo ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Kabla ya koleo la kwanza hakikisha umeme umekatwa, kisha muulize mwenye nyumba kama ameshapiga picha za uharibifu. Bila picha hizo madai yake ya bima au fidia yanaweza kukwama. Tope usilitupe kwenye mfereji wa barabarani. Mvua ijayo italirudisha ndani. Tenga mafungu matatu: tope, taka, na vitu vya kubaki. Fungu la tatu ni la mwenye nyumba peke yake. Kinachoonekana takataka kwako kinaweza kuwa daftari lenye mwandiko wa mama yake.

Niliwahi kukaa na mwanamke mmoja kwenye ngazi ya nyumba yake, mapajani ana albamu ya picha iliyovimba kwa maji kama mkate. Kijana wa kikundi chetu alitaka kumsaidia kwa kuzibandua picha moja moja. Nashukuru tulimzuia kwa wakati, kwa sababu picha zilizoshikana zikivutwa huacha sura za watu kwenye upande wa pili. Zioshwe taratibu katika beseni la maji safi ya baridi, zilale kivulini uso ukiwa juu, na zisipanguswe. Kama hakuna muda, zifungwe kwenye mfuko na kugandishwa mpaka mtu atakapopata nafasi. Baada ya tsunami ya mwaka 2011 huko Japani, watu wa kujitolea waliosha mamia ya maelfu ya picha zilizookotwa kwenye vifusi ili ziwarudie wenyewe. Kwa hiyo ndani ya begi langu mna beseni jepesi, brashi laini na kamba ya kuanikia. Vitu hivyo sijawahi kuviona kwenye orodha yoyote.

Kuhusu kubeba nguo na vyakula vya kugawa nitasema kwa ufupi: usibebe mpaka uombwe, na ukiombwa beba kilichotajwa. Mara nyingi pesa iliyopelekwa kwa chombo kinachoaminika hufanya kazi zaidi, maana familia hununua inachokosa na maduka ya jirani yanafufuka. Marundo ya nguo hula nafasi ya ghala na muda wa watu wa kuzichambua. Dawa ndizo mbaya zaidi. Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya mwaka 2004, ilipokea shehena za dawa ambazo nyingi hazikuombwa, lebo zake ziko kwa lugha ambayo wahudumu hawakuisoma, na kuziteketeza kukawa kazi nyingine ya gharama.

Jizoeze pia namna ya kukaa na watu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini. Sikiliza bila kumlazimisha mtu akusimulie. Muunganishe na ndugu zake au huduma anayoihitaji. Usimwambie "nakuelewa" wala "shukuru uko hai." Usiahidi kitu ambacho hakiko mkononi mwako. Kamera kaa nayo mfukoni mpaka mwenyewe akuruhusu, na mtoto usimpige picha bila ridhaa ya mlezi wake. Watu hawa wameshapoteza milango ya nyumba zao. Sura zao tuwaachie.

Kuna namba chache nazibeba kichwani kila ninapokwenda kwenye kambi, kutoka viwango vya Sphere ambavyo mashirika ya misaada hufuata: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kisichozidi watu 20, na meta za mraba 3.5 za nafasi ya kuishi chini ya paa kwa kila mtu. Huhitaji cheo kuzitumia. Ukihesabu vyoo vinne kwa watu 300, unajua cha kumwambia mratibu jioni, na unajua umwambie kwa namba badala ya kulalamika. Angalia pia kama njia ya choo cha wanawake ina taa na mlango una komeo la ndani. Ukikuta hakuna, hilo lisisubiri kesho.

Nyumbani waachie ratiba yako, na mkubaliane ni saa ngapi ya kila siku utatuma ujumbe. Kabla hujaondoka panga siku moja ya mapumziko baada ya kurudi, kabla ya kuingia kazini. Wengi hulala vibaya wiki ya kwanza. Ukiona hali inaendelea, zungumza na mshauri mapema.

Jambo la mwisho la kupanga ni siku zako za likizo. Wiki ya kwanza mikono huwa mingi kuliko makoleo. Mwezi wa tatu waandishi wameondoka, michango imepungua, na ndipo watu wanapohitaji fundi wa paa, mtu wa kujaza fomu za fidia, mtu wa kukaa na wazee kliniki. Kuta zilizolowa huchukua wiki nyingi kukauka, na anayepaka rangi mapema anafungia ukungu ndani. Kama una siku kumi, tumia nne sasa na uweke sita. Andika namba ya mwenye nyumba uliyoisafisha, weka ukumbusho kwenye simu, na siku hiyo ikifika mpigie umuulize ukuta umefikia wapi.