Nyaya za Meno: Yaliyonisaidia Siku za Maumivu

Nilifungwa nyaya za kunyoosha meno nikiwa na miaka 34, mwalimu wa sekondari hapa Moshi, vipindi sita kwa siku. Nilitoka kliniki saa nne asubuhi nikijisikia nimebanwa tu, kama mtu aliyevaa kiatu kipya. Mchana nikala wali na maharage bila shida. Kufika saa kumi jioni, mkate uliochovywa kwenye chai ulinishinda.

Ningependa mtu angeniambia mapema kwamba maumivu haya yana ratiba. Huanza saa chache baada ya kufungwa au kukazwa, hupamba moto siku ya kwanza na ya pili, kisha hushuka, na kwa kawaida ndani ya wiki huwa yamekwisha. Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini zinazouzunguka mzizi wake. Waya unapolisukuma, nyuzi za upande mmoja hubanwa na za upande wa pili huvutwa, na mwili huanza kuumung'unya mfupa huku na kuujenga kule. Kazi hiyo ndiyo inayouma. Nilipoelewa hivyo niliacha kuogopa kwamba meno yangu yanaharibika.

Kwa hiyo chagua siku. Miadi yangu ya kukazwa, kila baada ya wiki sita, niliihamishia Ijumaa mchana ili siku mbili mbaya ziangukie nyumbani. Kula ushibe kabla ya kwenda, kwa sababu chakula cha jioni hakitakuwa na raha.

Dawa usiisubiri hadi uanze kulia. Mimi humeza paracetamol saa moja hivi kabla ya miadi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumeza vidonge viwili vya miligramu 500, akae saa nne hadi sita kabla ya kurudia, na asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani yake na utajikuta umezidisha. Ibuprofen nayo husaidia, lakini imezwe baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mimba aulize daktari kwanza. Mtoto apewe kipimo kinacholingana na umri na uzito wake, wala asipewe aspirini.

Na nakuomba sana, usisage kidonge ukakiweka kwenye fizi. Nimeona wanafunzi wakifanya hivyo, fizi inaungua na kuwa nyeupe. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa nayo huunguza, na maumivu yako yako kwenye mzizi, chini kabisa, mafuta hayafiki huko.

Kinachosaidia ni baridi. Maji ya baridi, yanywe polepole huku ukiyazungusha mdomoni. Daktari wangu alinieleza kwamba nyaya za mwanzo mara nyingi ni za aina inayolegea kidogo ikipoa, ndiyo maana unapata nafuu ya muda. Nje ya shavu weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi, kisha pumzisha. Barafu yenyewe usiitafune, inabandua vishikizo, vile vidude vilivyogundishwa kwenye meno kushika waya.

Kwenye chakula nilibahatika kuolewa Uchagani. Mama mkwe aliposikia nimefungwa nyaya alileta mtori siku tatu mfululizo: ndizi zilizopondwa na nyama iliyochemka hadi ikachambuka yenyewe. Uache upoe uwe vuguvugu. Ugali laini na mlenda unateleza bila kutafunwa. Uji wa lishe, mtindi, parachichi, viazi vilivyopondwa, mayai ya kukoroga, vyote vinapita. Muwa, mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, kashata na nyama choma ya mfupa viage hadi nyaya zitoke. Tunda gumu likate vipande vidogo utafunie magego, na embe lenye nyuzi nyingi ni adhabu, utashinda ukichokonoa. Ukiwa na raba nyeupe, zile pete ndogo zinazofunga waya kwenye vishikizo, mchuzi wenye manjano utazigeuza rangi mlo mmoja tu.

Sasa kuna maumivu ya aina ya pili, na haya hayangojewi. Ni ya shavu na mdomo kukwaruzwa. Mimi naongea kutwa nzima, kwa hiyo wiki ya kwanza ndani ya midomo palikuwa na vidonda vinne. Dawa yake ni nta ya meno, omba kliniki usiondoke bila hiyo. Kausha kishikizo kwa tishu, kwa sababu nta haishiki penye mate. Finyanga kipande kama punje ya choroko, kikandamize juu ya kishikizo kinachokwaruza. Kikimezwa hakidhuru. Vidonda visukutue kwa maji ya uvuguvugu, glasi moja yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu dakika, kisha uteme. Rudia mara tatu kwa siku. Ngozi ya ndani hukomaa baada ya wiki kadhaa.

Ncha ya waya ikichomoza nyuma, isukume taratibu kwa kifutio cha penseli kilicho safi ilale kwenye jino, uifunike kwa nta, upige simu kliniki. Kishikizo kikibanduka, kiache kwenye waya na uripoti. Mimi nilikulia Arumeru, kwenye maji yenye madini mengi ya floridi yanayoharibu meno, na meno yaliyoathirika hivyo hayashiki gundi vizuri. Vyangu vimebanduka mara tatu, na kila mara nilichelewa kwenda nikidhani nimekosea mimi. Usichelewe.

Mswaki usiuache hata meno yakiuma. Nunua wenye nyuzi laini, piga polepole baada ya kila mlo. Chakula kikilala kwenye nyaya fizi huvimba, na hapo unaongeza maumivu ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

Ikipita wiki na maumivu yanazidi, au uso ukivimba, homa ikapanda, usaha ukatoka, au kidonda kikakaa zaidi ya wiki mbili, nenda ukaonwe. Na kipande cha nyaya kikikupalia ukakohoa au ukashindwa kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwenye mkoba wangu wa shule kuna nta, kioo kidogo, mswaki, chumvi kwenye kikopo na vidonge vinne. Jumatatu baada ya kukazwa naweka nta saa moja na nusu asubuhi, kabla kengele haijalia, kisha naingia darasani.