Kutembea gizani ndani ya nyumba yako bila kujigonga

Karibu kila mtu akiingia gizani ananyoosha mikono yote miwili mbele, viganja wazi, anatembea kama anasukuma kitu. Na mi nilikuwa hivyo hivyo, tena kwa kujiamini kabisa, mpaka usiku mmoja mlango ulioachwa nusu wazi ukapita katikati ya mikono yangu miwili bila kugusa hata kidole na kunipata katikati ya paji la uso. Mlango wa chumba changu mwenyewe! Ndo nikajua kwamba kuna namna ya kutembea gizani, ambayo watu wasioona wanafundishwa darasani kabisa, sisi wenye macho tunapapasa tu kwa sababu tunajua asubuhi itafika.

Basi tuanze na mikono maana hapo ndo kwenye faida kubwa. Mkono mmoja uinue usawa wa bega, ukunje kwenye kiwiko, alafu uupitishe mbele ya mwili mpaka ncha za vidole zifike upande wa bega la pili au zipite kidogo. Kiganja kiangalie nje, na uache nafasi kati ya mkono na uso, kama sentimita 25 hivi, ili ukigonga kitu upate muda wa kusimama kabla pua haijafika. Huo mkono unafanya kazi kama bampa ya gari, ubao wa mlango hauna pa kupenya katikati. Mkono wa pili ushushe mbele ya mapaja, uvuke kidogo kwenda upande mwingine, kiganja kikiangalia mwili wako, huo unakulinda na kona za meza na migongo ya viti. Kama una mkono mmoja tu ulio huru basi chagua wa juu, goti likigonga utalia kidogo ila jicho ni jambo lingine.

Ukiwa kwenye korido au pembeni ya ukuta huhitaji kujikinga hivyo muda wote, fuata ukuta. Ila usifuate kwa kiganja wala kwa ncha za vidole, tumia mgongo wa vidole, upande wa kucha, umevikunja kidogo, ukigusa ukuta kwa wepesi usawa wa nyonga na mkono ukiwa mbele kidogo ya mwili. Sababu yake ni kwamba vidole vilivyonyooka vikikutana na fremu ya mlango vinapinda kwa nyuma, hapo ni kuteguka, lakini vilivyokunjwa vinajikunja zaidi na basi. Na mkono ukitangulia unapata habari kabla mwili haujafika. Ukifika sehemu ukuta umekatika, yani uwazi wa mlango, hesabu moyoni: huu wa kwanza ni stoo, huu wa pili ni choo. Nyumba yako ina milango michache tu, ndani ya wiki utakuwa umeshaikariri.

Kuvuka chumba katikati ndo kunaharibu watu. Bila macho binadamu haendi moja kwa moja, anapinda taratibu bila kujijua, na kwenye chumba hata kupinda kidogo tu kunatosha kukufikisha kwenye kabati badala ya mlangoni. Dawa yake ni kujipanga kabla ya kuondoka: bandika mgongo wote ukutani, au visigino na nyuma ya miguu kwenye ubavu wa kitanda, sikia kabisa kwamba umenyooka nacho, ndo uondoke hatua za kawaida bila kusita sita. Ukisita ndo unapinda zaidi. Na kama unaweza kuzunguka kwa kufuata ukuta hata kama njia ni ndefu, zunguka tu, unakimbilia wapi usiku wote huu.

Miguu sasa. Kunyata kwa ncha za vidole kama mwizi ni kosa, unakuwa umesimama kwenye sehemu ndogo sana na kitu kidogo tu kinakuangusha. Kanyaga mguu mzima, usiunyanyue juu sana, na uzito uache kwenye mguu wa nyuma mpaka wa mbele uhakikishe chini kuko salama. Soksi peke yake kwenye sakafu laini ni kuteleza, bora peku au ndala zinazokaa vizuri. Kile kidole kidogo cha mguu kinachopata tabu kila siku kwenye mguu wa kitanda, mara nyingi ni kwa sababu unakata kona mapema, kwa hiyo ukizunguka kitanda acha mguu usugue ubavu wake mpaka uhisi umeisha ndo ugeuke.

Ukidondosha kitu usiiname! Watu wengi wanajikinga vizuri njia nzima alafu simu inadondoka, anainama haraka, paji la uso linakutana na ukingo wa meza. Simama kwanza usikilize kimeangukia wapi, chuchumaa ukiwa umenyoosha mgongo wima, mkono mmoja mbele ya uso, ndo upapase sakafu kwa kuzungusha mkono duara dogo kisha kubwa. Kama kilichodondoka ni glasi usichuchumae wala usisogee, ita mtu alete taa.

Ngazi nazichukulia serious kuliko yote hayo hapo juu. Mkono mmoja kwenye reli muda wote, na mkono huo usiwe na kitu kingine, ukibeba vitu mikono yote miwili gizani kwenye ngazi unatafuta hospitali. Hesabu ngazi zako mchana, juu mpaka chini, ukariri namba. Kinachoangusha watu ni ile ngazi ya mwisho ambayo haipo, au iliyopo na wewe umejua zimeisha, mguu unashuka hewani mwili wote unaenda nao. Kwa hiyo ukifika chini sugua mguu mbele kidogo kabla hujaachia reli. Na kama giza ni totoro na ngazi huna uhakika nazo, kaa chini, shuka kwa makalio ngazi moja moja. Hakuna anayekuona, ni giza.

Macho nayo tusiyatupe kabisa, kuna ujanja wake. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili za kuona, moja ni ya mwanga mwingi na rangi, nyingine ni ya mwanga hafifu, na hiyo ya pili inachukua kama dakika 20 mpaka 30 kufikia nguvu yake yote baada ya kutoka kwenye mwanga. Ndo maana umeme ukikatika ghafla huoni kitu kabisa, alafu baada ya muda unaanza kuona umbo la dirisha na kiti. Kwa hiyo umeme ukikatika jambo la kwanza ni kusimama ulipo, sekunde kadhaa tu, acha macho yaanze kazi. La pili, hizo seli za gizani hazipo pale katikati kabisa ya jicho, zimekaa pembeni, maana yake ukikitazama kitu moja kwa moja gizani kinapotea na ukitazama pembeni yake kidogo kinatokea. Jaribu leo, inashangaza kweli. La tatu, ukiamka usiku na lazima uwashe taa au simu, fumba jicho moja kabla ya kuwasha na uendelee kulifumba, ukizima unafumbua lile lililofumbwa na bado linaona gizani wakati mwenzake ni kipofu. Mi hilo nalitumia kila siku nikitoka chooni.

Simu kama tochi ni nzuri lakini wengi tunaishika vibaya, juu usawa wa uso, ikimulika mbali. Ishushe usawa wa nyonga au goti ielekee sakafuni mbele yako, mwanga unaopita chini chini unafanya kila kitu kitupe kivuli kirefu, hata waya wa chaja unaonekana kama kamba ya meli. Ukishika juu vivuli vinajificha nyuma ya vitu na sakafu yote inaonekana tambarare. Na mwanga hafifu mwekundu hauharibu macho yako ya gizani kama mweupe, kwa hiyo kama taa yako ina rangi hiyo itumie. Mshumaa wa kutembea nao sikushauri kabisa, kwanza mwali uko mbele ya macho yako unakuzuia kuona mbele, pili ukijikwaa umejikwaa na moto mkononi.

Masikio pia yanasaidia kuliko tunavyodhani, mlio wa friji, saa ya ukutani, bomba linalodondosha, hizo zote ni alama za kukuambia uko wapi. Ukikaribia ukuta sauti ya hatua zako inabadilika, inakuwa nzito kidogo, ukishazoea unaisikia.

Lakini ukweli ni kwamba kazi kubwa inafanyika mchana. Sheria ya kwanza ya nyumba, milango iwe wazi kabisa mpaka ukutani au ifungwe kabisa, hakuna nusu nusu (paji langu la uso ni shahidi). Milango ya makabati na droo hivyo hivyo. Viti virudishwe chini ya meza. Waya zisikatize njia. Zulia dogo linaloteleza au lenye ncha zilizojikunja litoe au ligundishe chini. Na mtu akihamisha stuli au meza aseme kwa sauti, maana ramani uliyonayo kichwani ni ya jana, na ramani ya zamani ni mbaya kuliko kutokuwa na ramani kwa sababu unatembea kwa kujiamini. Tochi ikae sehemu moja tu siku zote, mahali ambapo mkono unafika ukiwa umelala, na ikitumika irudi pale pale, nyumba yenye tochi tatu zinazozurura ni nyumba isiyo na tochi.

Kama una hela ya kutumia kidogo, weka taa ndogo za usiku chini karibu na sakafu, za rangi ya njano iliyofifia, kwenye njia ya kwenda chooni na mwanzo wa ngazi. Zile zinazojiwasha mtu akipita ni nzuri zaidi. Kuna na tepu zinazong'aa gizani, za kubandika ukingoni mwa ngazi au pembeni ya swichi, ila angalia usichanganye: kuna inayohifadhi mwanga wa mchana na kung'aa yenyewe usiku, na kuna inayorudisha tu mwanga wa tochi, hiyo ya pili bila tochi ni mapambo.

Kwa wazee hesabu inabadilika. Mboni ya jicho inapungua kufunguka kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo mwanga unaokutosha wewe kwa mzee ni giza, na macho yake yanachelewa zaidi kuzoea. Mwekee taa hata akisema haihitaji. Pia kuinuka ghafla kitandani presha inashuka na kizunguzungu kinakuja kabla hajapiga hatua, hasa kama anatumia dawa za presha, kwa hiyo akae kwanza ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, apumue dakika moja, ndo asimame huku ameshika kitu. Hata sisi vijana tukiamka na haja kubwa tufanye hivyo.

Mambo mawili ambayo hayana mjadala. Ukiingia gizani ukasikia harufu ya gesi usiwashe swichi, usizime iliyowaka, usiwashe kiberiti, toa watu nje na ufungue milango na madirisha unayopita, simu ya kuomba msaada ipigie nje. Na kama ni moshi, hewa nzuri iko chini, tambaa kwa mikono na magoti ukifuata ukuta, na kabla ya kufungua mlango wowote uguse kwa mgongo wa mkono, mlango ukiwa wa moto usifungue, tafuta njia nyingine.

Ukipotea, na utapotea, hata chumbani kwako utajikuta hujui umeelekea wapi, usiendelee kutembea ukitumaini. Simama, weka mkono wa kujikinga juu, sogea taratibu upande mmoja mpaka uguse kitu chochote, alafu kipapase mpaka ukitambue. Kitu kimoja tu unachokijua kinarudisha nyumba nzima kichwani.

Mazoezi fanya mchana, macho umefumba, kuna mtu anakuangalia asicheke sana. Kutoka kitandani mpaka chooni na kurudi, mara tano. Kwangu ni hatua sita mpaka fremu ya mlango, kulia, ukuta, uwazi mmoja niuruke, wa pili niingie. Swichi ndo bado inanisumbua, kila usiku naanza kuipapasa juu sana, na kila usiku iko chini ya pale ninapodhani kwa kiganja kizima.